Bakuli la Bibi Mabruka

Kila jioni ya Ramadhani, jua likianza kushuka nyuma ya mizeituni, mama yake Rihab alijaza shorba, supu ya futari, kwenye bakuli, akalifunika kwa mkate.

"Haya mwanangu, mfikishie Bibi Mabruka kabla ya adhana. Na umpe salamu zangu."

Bibi Mabruka alikaa peke yake katika nyumba ya mwisho ya Bir Alwan, kitongoji kidogo nje ya mji wa Sfax. Mwanawe wa pekee alikuwa Ufaransa. Juu ya nyumba zilichomoza nondo zikingojea ghorofa ya mwana huyo, na nondo zenyewe zilikwisha kushika kutu. Desturi ya pale, bakuli la jirani halirudi tupu. Bibi hakuwa na kitu, lakini hakukosa limau la kutia, au lozi chache, au kishada cha nanaa. Mama akiliona, moyo wake ulitulia: "Alhamdulillahi, bibi yetu mzima."

Shida ni kwamba Bibi alipenda mazungumzo, na Rihab alitaka kuruka kamba na wenzake.

"Unakwenda tena?" mwenzake Wafa alimcheka jioni moja. "Bibi huyo akikushika mkono, hakuachii mpaka Idi!"

Wasichana wakaangua kicheko. Rihab akaona haya. Akaingia kwenye nyumba isiyokwisha kujengwa, akawamwagia paka shorba, akachuma limau lililoning'inia juu ya ukuta wa watu, akalitia bakulini. Mama alilipokea akatabasamu. Kesho yake akafanya vilevile. Uongo wa pili haukumchoma kama wa kwanza.

Siku ya tatu, alasiri, mama alikwenda kwa Bibi kuazima chekeche. Ukelele wake ulisikika mtaa mzima. Rihab alipofika mbio, alimkuta Bibi Mabruka amelala sakafuni jikoni, midomo imekauka, macho wazi, hawezi kusema.

Daktari aliyekuja na gari la wagonjwa alipiga magoti. "Ameanguka lini?"

"Itakuwa leo asubuhi," mama alisema. "Jana alikuwa mzima. Alinirudishia bakuli na limau."

"Una hakika, dada? Aliyeanguka leo hatibiwi kama aliyelala chini siku mbili bila maji. Nikikosea, naweza kumuua."

"Nina hakika."

Rihab alikuwa mlangoni. Akinyamaza, nani atajua? Kisha akaona vidole vya Bibi vikikwaruza sakafu.

"Sikufika," alisema. "Jana sikufika, wala juzi. Limau nililitia mimi."

Mama alimtazama kama hamjui. Daktari hakumkaripia. Alirudisha mkobani sindano aliyokwisha kuishika, akamwambia msaidizi wake alete maji ya kutundika, wakaondoka naye mbio.

Bibi Mabruka hakufa. Lakini siku mbili za sakafuni zilikuwa nyingi: miguu haikurudi, wala maneno. Baada ya Idi mwanawe alikuja, akambeba hadi garini, akafunga nyumba kwa kufuli. Majirani walisimama njiani wakilia kama wanaosindikiza jeneza.

Jioni ile Rihab alisema, "Mama, mimi nilidhani ni shorba tu."

Mama alikaa karibu naye.

"Shorba hata mwenyewe angejipikia," alisema. "Mtu aliye peke yake hapelekewi chakula, mwanangu, hupelekewa macho. Tulikutuma uwe macho yetu, ukatuambia umeona usichokiona. Ulipokiri, uliiokoa roho yake, na kwa hilo nakushukuru. Lakini miguu yake ilikuwa imekwisha kwenda, nami sitakudanganya kwamba itarudi. Ndivyo uongo ulivyo. Anayeusema ni mmoja, anayelala sakafuni ni mwingine."

Rihab akalia. Mama hakumwambia anyamaze, wala hakuondoka pale alipokaa.