Kibuyu cha Maji ya Mbio

Kila asubuhi, kabla jogoo wa jirani hajamaliza makelele yake, Clothilde alikuwa ameshabandika sufuria. Maji yalitokota, naye aliyaacha yatokote bado kidogo. Kisha aliyafunika, yakapoa, akayamimina kwenye mtungi safi. Katika nyumba zote za wavuvi wa maporomoko, hapa Kisangani, hakuna mwanamke aliyemshinda kwa kuchemsha maji, na yeye mwenyewe alilijua hilo. Ukimwuliza, angekueleza mpaka jua lizame.

Lakini mtoto wake Octave, aliyekuwa bado anatambaa, alikuwa anaharisha. Alipata nafuu, kisha akaharisha tena. Mashavu yalinywea. Clothilde aliogopa, na zaidi ya hofu aliona haya. Watu watasema nini juu ya mama mchemsha maji? Akanyamaza. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Siku Octave alipokosa hata nguvu za kulia, Clothilde alimfunga mgongoni, akakimbilia kwa jirani yake Kadidja, msaidizi wa dispensari.

Kadidja aliwapeleka kwa muuguzi. Octave alitibiwa, akapata nafuu.

"Maji ya kunywa munachemusha?" Kadidja aliuliza njiani.

"Nachemusha, Mama Kadidja. Kila siku. Kuja uone kwa macho yako."

Kesho yake asubuhi Kadidja akaja. Alitazama sufuria, mtungi, kifuniko, na kopo la kuchotea lenye mkono mrefu. Hakuona kasoro. Clothilde alitaka kulia. Kama si maji, basi ni nini kinachommaliza mwanangu?

Wakati huo mumewe, Valère, alirudi kutoka kwenye mitego ya samaki, na kibuyu kidogo mkononi. Alimpakata Octave, akamimina maji kiganjani, akayapeleka kinywani mwa mtoto.

"Baba Octave, ngoja kwanza," Kadidja alisema. "Ile maji umetoa wapi?"

"Kwa maporomoko, mama. Kwetu baba ananywesha mutoto maji ya mbio kila asubuhi, mto imujue, isimubebe."

Clothilde alishika kichwa. Aliyaona maji hayo kila siku. Kwake hayakuwa maji, yalikuwa baraka ya baba.

"Lakini inakimbia," Valère alisema. "Uchafu itakaa wapi?"

"Inakimbia, ndiyo. Na kule juu watu wanaoga, mbuzi wanakunywa. Mvua ikinyesha, inaosha vyoo mpaka ndani ya mto. Basi mbio inakuletea uchafu mbio. Mikrobe, ile vidudu ya magonjwa, haionekane na macho. Maji inaweza kung'aa, na iko ndani. Moto ndiyo inaiua."

"Mimi baba alininywesha, na niko hapa."

"Na wadogo yako?" Kadidja aliuliza taratibu.

Wadogo wawili wa Valère walizikwa wangali wananyonya, na nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuuliza sababu. Akakitazama kibuyu, akakiweka chini.

"Basi, mto itamujua namna gani?"

Clothilde alikuwa na jibu. Alikichukua kibuyu, akammwagia Octave maji miguuni.

"Kwa miguu," alisema. "Si ni miguu itasimama kwa mto?"

Octave alishtuka kwa baridi, kisha akacheka. Valère akanawa mikono kwa sabuni, akachota maji ya mtungini kwa kopo, akamnywesha mwanawe.

Tangu hapo ikawa hivyo: mto miguuni, mtungi kinywani. Masika yalipoanza, Octave alikuwa na mashavu ya kufinya, na alikuwa anatembea. Valère naye alibeba chupa ya maji ya mtungini kwenda mitegoni. Wenzake walimcheka sana.

"Valère, unasimama ndani ya mto, na unabeba maji?"

"Mto niliipa miguu," Valère alijibu. "Tumbo iko ya Clothilde."

Walicheka tena. Kisha mmoja wao, ambaye mtoto wake alikuwa anaharisha, akamwuliza kama Clothilde yuko nyumbani.