Mkongojo Juu ya Dari

Fundi wetu huyu alikuwa bingwa wa dari. Mwiko wake ulijulikana mtaa mzima na wa pili yake, na watu walisema dari aliyoipiga plasta yeye unaweza kujitazama ukachana nywele. Watu hutia chumvi, lakini si sana. Basi fikiria aibu yake siku mteja, mwanamke mwenye duka la vitambaa, alipokuja kuchagua nakshi za nyumba yake mpya, akaketi sebuleni kwa fundi, akanyanyua macho na kuuona ufa. Alibana mkoba kwapani akaaga, akaacha chai yake inafuka moshi. Fundi uso ulimshuka, akabaki kuitazama ile chai.

Ufa wenyewe ulikuwa na vituko. Dari ikichoka hupasuka kutoka kwenye kona, au inapokutana na ukuta. Huu ulianzia katikati, juu ya kochi, kama yai lililogongwa kijiko. Aliukwangua, akabandika mkanda wa wavu, akaziba, akapiga msasa na rangi. Siku nne hazikupita, ukarudi palepale. Akaziba tena, nao ukarudi tena. Mara ya tatu akafanya wanavyofanya mafundi wote: akachora kistari cha penseli kwenye ncha ya ufa na kuandika tarehe, aone unatembea kiasi gani.

Ulitembea kila siku saa kumi alasiri, upana wa kidole. Na kabla haujatembea, kitu kiligonga juu mara tatu, polepole. Halafu vumbi jeupe likashuka kwenye vikombe, na sebule ikanuka mafuta ya kuchua.

Mkewe alimuuliza kwa sauti ya chini kwa nini asipande akaangalie. Fundi akataja bomba, akataja jua, akataja zege kutanuka. Alitaja kila sababu isipokuwa ile aliyoijua. Juu ya sebule ile kilikuwa chumba cha marehemu mama yake, na tangu azikwe, miezi saba sasa, mlango ulikuwa umefungwa na ufunguo haukutoka mfukoni mwa fundi.

Mke alipoona amechoka kufuta vumbi, alimpigia wifi yake, dada mkubwa wa fundi. Mama alipokuwa hai, huyu dada alitaka kumchukua akae kwake, fundi akakataa, akaapa mbele ya ukoo kwamba atamtunza mwenyewe. Kwenye msiba fundi aliwaliza watu aliposimulia jinsi mama alivyokata roho akiwa amemshika yeye mkono. Dada alikuja na mganga, mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi, hana ngoma wala mbwembwe, ana chupa ya maji tu kwenye kikapu.

"Dari umeiziba mara ngapi?" mganga akauliza.

"Sita, mama."

"Na huko juu umepanda mara ngapi?"

Fundi akatia mkono mfukoni. Mganga akanyoosha kiganja, na ufunguo ukatoka.

Chumba kilikuwa kama kilivyoachwa: kitanda, kanga iliyokunjwa, chupa ya mafuta ya kuchua, mkongojo umeegemea ukuta. Ila juu ya stuli palikuwa na kikombe cha chai, na kilikuwa bado na uvuguvugu. Dada akakishika, akakirudisha haraka. Mganga hakushughulika nacho. Alikanyaga zulia kando ya kitanda, mguu ukazama. Akalifunua. Chini yake kulikuwa na sponji nene, limekatwa kwa kipimo, limegundishwa pembe zote bila hata kasoro, kazi safi ya fundi anayejua kazi.

"Hili la nini?"

"La kumkinga baridi," fundi akajibu.

Hapo hapo ikatimia saa kumi, mkongojo ukasimama wima peke yake, bila mkono wa mtu, ukasogea hadi pale kwenye sponji, ukagonga mara tatu bila sauti yoyote mle chumbani, lakini wote wakasikia mapigo yakilia chini sebuleni na dari ikipasuka kwa mlio mrefu uliotembea kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, na mke wa fundi akiita kwa hofu, na harufu ya mafuta ya kuchua ikajaa chumbani hadi macho yakawawasha.

Mganga akanong'ona, "Hilo ni jini la nyumba hii, lilikuwepo kabla yenu na halikuwa na shida na mtu. Mama aligonga, hakupanda mtu, likapanda lenyewe kumpelekea chai. Sasa linagonga kwa niaba yake. Litaendelea hadi uliambie kwa nini hukuja. Ukilidanganya, mimi dawa sina."

Fundi alimtazama dada yake. Heri nyumba nzima ingemwangukia kuliko kusema mbele ya macho yale.

"Nilikuwa nasikia," akasema. "Kila saa kumi alikuwa anagonga, anataka chai, anataka mtu. Nami nina wateja hapo chini, wanauliza nani huyo anagonga. Nikaona haya. Ndiyo nikaweka sponji. Siku ile ya mwisho nilikuwa na mteja, sikusikia kitu, nikafurahi moyoni kwamba kazi yangu imekubali. Nilipopanda magharibi alikuwa ameshapoa."

"Ulituambia alikushika mkono," dada akasema.

"Alikuwa ameshika mkongojo."

Dada aliuokota mkongojo, maana ulikuwa umeshaanguka, akateremka nao, akaenda zake. Mganga akanyunyiza maji, akaliaga jini kwa adabu kama mgeni aliyekaa vizuri. Nyayo nzito zikashuka ngazi, mlango wa mbele ukafunguka, ukafungwa.

"Limetoka," mganga akasema. "Lakini limezoea kuitwa. Angalia usije ukaita mahali pasipo na wa kukuitika."

Ufa ulizibwa mara ya saba, na haukurudi tena. Kilichorudi ni maneno. Dada aliwaeleza ndugu wote, na simu za fundi zikawa hazipokelewi. Mkewe akamtandikia kitanda kule juu, chumba cha mama, akasema joto limezidi. Fundi akabeba mto wake akapanda. Angebisha kwa mdomo gani?

Miezi miwili baadaye alianguka kwenye ngazi kazini, akaumia mgongo, akalazwa kwenye kitanda kile kile kule juu. Alasiri moja kiu ilimbana. Akamwita mkewe. Sebuleni kulikuwa na wageni, wanacheka. Akaita tena, kwa nguvu. Kicheko kikakatika kidogo, akajua amesikika. Halafu mazungumzo yakaendelea, sauti zikapanda kidogo kuliko mwanzo.

Ilikuwa saa kumi kamili.

Mlango wa mbele ukafunguka, na wageni hawakunyamaza, kana kwamba hakuna aliyeingia. Nyayo nzito zikapanda ngazi, moja moja, bila haraka, na kikombe kikigonga kisahani kila hatua, na harufu ya mafuta ya kuchua ikitangulia chini ya mlango. Kitasa kikazunguka. Kitu kikaketi ukingoni mwa kitanda, godoro likabonyea.

"Mimi husikia," kikasema kwa upole.

Fundi akageuza uso ukutani kwa aibu, akanyoosha mkono, akapokea kikombe.