Aliyechoma Sura ya Kumi na Moja

Mwalimu alikutwa amekufa siku ya Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, katika chumba cha ghorofani alimofundishia watu kuandika hadithi. Alikuwa amelala kifudifudi kati ya meza yake na kabati la chuma, na kona ya kabati lile ilikuwa na damu. Aliyemkuta ni fundi viatu mwenye kibanda chini ya ngazi. Alikuwa ametoka kununua gundi, akapishana na kijana anayeshuka mbio huku amepoteza rangi, akapanda kutazama kulikoni.

Inspekta alifika nusu saa baadaye. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na subira haba, na kama kuna kitu asichokuwa na muda nacho, ni hadithi. Alisema za kituoni zinamtosha. Alisimama katikati ya chumba akatazama. Mlango haukuvunjwa. Mezani palikuwa na vikombe viwili vya chai, kimoja kimenywewa, cha pili kimejaa mpaka ukingoni. Chini ya dirisha palikuwa na karai la bati lenye majivu ya karatasi. Alichovya kidole katika chai, kisha akagusa majivu. Vyote vilikuwa baridi.

"Afande, wamechoma kitabu chake," alisema konstebo.

"Kitabu hiki hapa." Muswada ulikuwa mezani, umepangwa vizuri, umewekewa jiwe juu. Inspekta alifunua karatasi moja moja. Sura ya tisa, ya kumi, kisha ya kumi na mbili. "Wamechoma sura moja tu. Sasa nani anaua mtu kwa ajili ya sura moja?"

Kijana aliyeshuka mbio alikamatwa usiku uleule nyumbani kwake. Alikuwa mtengeneza saa, mwanafunzi wa Mwalimu kwa mwaka mzima, na darasani walimwita Fundi Saa. Mambo yake yalikuwa mabaya kweli. Alhamisi Mwalimu aliisoma hadithi ya kijana huyo mbele ya darasa, akasema hii ni maiti iliyovalishwa suti, na watu wakacheka. Fundi Saa akasimama, akasema, "Utanikumbuka!" Watu wanane walimsikia. Mkuu wa kituo akafurahi, akatoa amri kuwa Jumatatu asubuhi kijana apelekwe mahakamani kwa kosa la kuua. Kwake kesi ilikuwa imekwisha.

Inspekta alimhoji Jumamosi saa mbili asubuhi.

"Anza mwanzo."

"Nilikwenda kumwomba radhi. Nikagonga... hapana, sikugonga. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nilitaka kugonga. Nikamwona miguu. Soksi moja ilikuwa imetoboka, mama. Mwalimu hakuwa mtu wa soksi zilizotoboka. Nikasema, Mwalimu, amka. Nikamgusa. Ah, hapo nilikuwa nimeshaingia, nimesahau kusema. Halafu harufu ya moshi. Hapana, harufu ilianza kule ngazini."

"Saa ngapi?"

Fundi Saa alicheka, kicheko kibaya cha mtu aliyechoka. "Siku nzima nashinda na saa za watu, na hiyo siijui. Akili zilinihama. Nikakimbia."

"Kwa nini hukuita mtu?"

"Niliogopa. Nilikuwa nimeshasema utanikumbuka." Akaanza kulia waziwazi, kamasi na machozi. "Mama, nina watoto wawili. Wakikua wataambiwa baba yao alimuua mwalimu wake."

Inspekta alimsubiri anyamaze. Maelezo yale yalikuwa yamechanganyika ovyo, na ndiyo maana yalimgusa. Alikuwa ameshahoji waongo wengi, na waongo huja na habari iliyonyooka.

"Mwalimu wenu alikuwa anawafundisha nini hasa?" aliuliza. "Mtu anafundishwaje kusema uongo wa kitabuni?"

Fundi Saa alifuta uso kwa mkono. "Alisema kwanza tujifunze kusikiliza. Ukitaka mtu akupe kisa chake, usimwulize, atajifunga. Kisimulie wewe, ukosee makusudi. Mwenye kisa hawezi kuvumilia. Atakurekebisha mwenyewe, na hapo ndipo uchukue kalamu."

"Alikuwa na hila huyo mzee."

"Alikuwa mwizi," Fundi Saa alisema taratibu. "Sisi wote tulijua. Ukimwambia jambo lako, siku moja utalisoma."

Saa tano Inspekta alikuwa kwa mjane wa Mwalimu. Walikuwa wametengana miaka minne, na mama huyo hakujitia huzuni asiyokuwa nayo. Alikuwa anapepeta mchele, na hakuacha.

"Wanasema mimi ndiye, sivyo? Kwa sababu nilikwenda kumpigia kelele mwezi jana. Mwanangu, yule bwana alinitia katika vitabu vitatu. Mara mlafi, mara mchawi. Kama ni kuua, ningemuua kitabu cha kwanza."

"Hiki cha sasa je?"

"Hiki mimi simo, ashukuriwe Mungu." Akacheka, halafu kicheko kikamwishia. "Alinipigia simu akanisomea. Pamoja na kuachana kwetu, bado akiandika kitu kizuri lazima anisomee. Sura ya kumi na moja. Inahusu msichana wa shule aliyezaa, mama yake akamchukua mtoto na kumlea kama wake. Mtoto anakua akimwita mamaye dada. Nilimuuliza, kisa cha nani hicho? Akasema amekitunga. Muongo! Kana kwamba sijui anavyotunga."

"Unadhani ni cha nani?"

"Cha mtu aliye hai," alisema mjane. "Ndiyo maana alinong'ona alipokuwa anasoma."

Alasiri, saa tisa, Inspekta alikwenda kwa Mhariri. Huyu alikuwa mwanamke anayekaribia hamsini, nadhifu, mwenye kuheshimika. Vitabu vyote vya Mwalimu vilipitia mikononi mwake. Mkono wake wa kulia ulikuwa na bendeji kwenye vidole viwili.

"Pasi," alisema, kabla ya kuulizwa.

Maelezo yake yalikuwa safi. Ijumaa alitoka kazini saa kumi. Alipitia sokoni. Alifika nyumbani saa kumi na moja unusu, akapiga pasi, akaungua, akapika, akala, akalala. Hakurudi nyuma hata mara moja, wala hakusahau kitu. Inspekta alijikuta anamkumbuka Fundi Saa na ile soksi.

"Muswada wake mpya umeusoma?"

"Mpaka sura ya tano. Zilizobaki hakunipa. Alikuwa na kawaida ya kunionjesha tu."

Chai ililetwa na mwanamke mwenye umri wa miaka thelathini na kitu. Aliiweka mezani, akaketi pembeni, akamtengenezea Mhariri mto wa mgongoni bila kuombwa.

"Mdogo wangu huyu," alisema Mhariri. "Hanisikilizi, lakini ananitunza."

"Nakusikiliza, Dada. Wewe ndiye husikii. Tangu jana hajatia kitu mdomoni," alimwambia Inspekta. "Kifo cha Mwalimu kimemvunja kabisa. Mimi mwenyewe nimelia. Vitabu vyake vyote ninavyo, kila kimoja."

"Mmezaliwa wangapi nyumbani?"

"Wawili tu," mdogo mtu alijibu. "Yeye kifungua mimba, mimi kitinda mimba. Katikati hakuna mtu. Marehemu mama alikuwa akisema mimi nilikuja kwa kuchelewa."

Mhariri aliomba sukari. Bakuli la sukari lilikuwa mbele yake.

Inspekta alirudi kituoni akamwambia Mkuu anavyofikiri. Mkuu akamtazama kama anayesikiliza mtoto. "Bendeji na miaka ya watu? Niletee ushahidi. La sivyo Jumatatu kijana anakwenda."

"Nipe kesho."

"Kesho ni Jumapili."

"Nipe Jumapili, basi."

Jumapili saa kumi alasiri alikuwa amewakusanya katika chumba kilekile cha ghorofani. Karai lilikuwa limeondolewa, kona ya kabati imeoshwa. Fundi Saa aliketi karibu na mlango, pingu mkononi, konstebo ubavuni. Mjane aliketi mbele. Mhariri alikuja akishikwa mkono na mdogo wake.

"Wewe unaweza kungoja chini," Inspekta alimwambia mdogo mtu. "Maneno ya humu si mazuri."

"Nakaa na dada yangu."

Inspekta alisita. Angeweza kumtoa kwa amri. Baadaye aliwahi kukiri kwamba hakumtoa kwa sababu alijua bila yeye pale, Mhariri asingefungua kinywa; na kwamba jambo hilo halikumpa usingizi. Lakini Fundi Saa alikuwa na pingu pale mlangoni, na kesho yake ilikuwa Jumatatu.

"Nimewaita niwasimulie sura iliyochomwa," alisema. "Mimi si msimulizi, mtanivumilia. Kulikuwa na msichana mmoja mapepe. Alizaa akiwa shule. Mtoto hakumtaka. Akamkabidhi mama yake kama anayetua mzigo, akaoga, akavaa, akarudi zake shuleni anacheka."

Mjane alikunja uso. "Mbona mimi hakunisomea..." Inspekta alimkata jicho, akanyamaza.

"Hakugeuka hata kumtazama. Miaka ikapita. Mtoto anamwita dada, naye anaona sawa tu, tena anashukuru. Aliponea chupuchupu, akasahau."

Fundi Saa alikuwa ameinua kichwa. Alikuwa ameijua hila ile, na midomo ilikuwa inamcheza.

"Hakucheka," alisema Mhariri.

"Sura inasema alicheka."

"Sura haisemi hivyo!" Mhariri alikuwa amesimama. "Haisemi hivyo, wala haikuwa hivyo! Alifungiwa ndani. Mtoto alitolewa kifuani mwake akiwa bado ananyonya. Alipiga mlango mpaka mikono ikavimba. Wakamwambia ukisema neno, utamharibia huyu mtoto maisha yake yote. Akanyamaza kwa ajili yake, si kwa ajili ya shule! Asahau? Kila akiitwa dada alikuwa..."

Hakumaliza. Aligeuka akamtazama mdogo wake, na mdogo wake alikuwa anamtazama yeye. Mjane alijishika mdomo.

"Uliniambia hukusoma zaidi ya sura ya tano," Inspekta alisema kwa sauti ya chini.

Mhariri aliketi. Alipoanza kusema, hakusema na Inspekta.

"Nilimwambia siku tulipomzika mama. Nilikuwa na mzigo, nikautua kwake. Nilimwona rafiki. Mwezi huu akanipa sura ile, eti nihariri. Nihariri! Ijumaa nikaja, nikampigia magoti hapa hapa. Nikamwambia itoe. Akasema nimebadilisha kila kitu, nani atajua? Nikamwambia anasoma vitabu vyako vyote, atajua. Akasema ndiyo sura nzuri kuliko zote nilizopata kuandika, siwezi. Akanimiminia chai. Akaanza kunisomea. Machozi yakamtoka. Nikadhani ananihurumia. Kumbe analia kwa uzuri wa maandishi yake. Nikamnyang'anya, akang'ang'ania, nikamsukuma."

"Akaanguka."

"Alikuwa anapumua." Alitazama vidole vyake vyenye bendeji. "Nilimsikia. Nikasema nichome kwanza, halafu niite watu. Nilipomaliza kuchoma alikuwa kimya."

"Na huyu je?" Mjane alimwonyesha Fundi Saa kwa kidole, hasira imempanda. "Ungemwacha afungwe?"

"Sijui," alisema Mhariri. "Nilikuwa najiambia kesho nitasema."

Inspekta alimwashiria konstebo. Pingu zilifunguliwa, na Fundi Saa akabaki ameshika kiwiko chake, hajui aende wapi. Mjane alimvuta akamketisha karibu naye, akampa kitambaa chake cha kichwa ajifute.

"Maelezo yako yataandikwa kituoni," Inspekta alimwambia Mhariri. "Twende."

"Ngojeni." Mdogo mtu alisimama. Uso wake ulikuwa umelowa, lakini alisema kwa utulivu. "Nimuulize jambo moja tu."

Inspekta alimruhusu.

"Kabla mama hajanichukua," alisema. "Ulikuwa peke yako na mimi chumbani. Uliniita nani?"

Mhariri alimvuta yule binti kwa shingo mpaka sikio lake likafika mdomoni mwake, akamnong'oneza. Inspekta alikuwa na kalamu mkononi na karatasi mbele yake. Hakuuliza kilichosemwa, wala hakuandika kitu.

Binti alilirudia jina lile bila sauti, mara mbili. Kisha akamshika mamaye mkono, wakashuka ngazi pamoja mpaka kwenye gari la polisi.