Jino la Nne la Riziki

Sindano ya mwanga iligusa jino dogo la utoto, na kisomajino, mashine ya kusoma meno, kikaanza kulifunua tabaka baada ya tabaka, kama mtu anayemenya kitunguu. Jino huanza kujengeka mtoto akiwa bado tumboni, na kila tabaka huhifadhi chembe za alichokula mama na hewa aliyovuta. Ubaya wake ni mmoja tu: tabaka likishasomwa, hugeuka vumbi.

Mhandisi Mwanahawa ndiye aliyekibuni. Tanga nzima ilikuwa ikiuliza kwa nini watoto wenye usonji wanaongezeka. Ni moshi? Ni plastiki? Ni vyakula vya viwandani? Au ni kwamba siku hizi wanatambuliwa mapema? Yeye alikuwa na swali lake mwenyewe, na lilimnyima raha miaka saba. Alipokuwa na mimba ya binti yake Riziki, alikula udongo wa sokoni kila siku.

"Mimba gani hii ya kudonoa udongo kama kuku?" mama mkwe wake alisema, nusu utani. Riziki alipofika miaka mitatu bila kutamka neno, utani ule ukageuka mwiba.

Leo jino lililokuwa ndani ya mashine lilikuwa la Riziki. Matabaka ya nje yalikuwa yameshasomwa; yalibaki ya miezi ya mimba tu.

Kileo, mwenzake wa maabara, alisogea. "Dada, hata tukikuta madini ya risasi, tumeyakuta pia kwa watoto wasio na usonji. Mashine itakuambia ulikula nini. Haiwezi kukuambia kama ndicho kilicholeta haya."

"Najua, kaka. Wacha tu nijue."

Riziki alikuwa sakafuni akipanga vizibo vya chupa kwa rangi zake. Aliinuka, akasimama mbele ya kioo cha mashine, akanyoosha kiganja.

"Paa," alisema.

Meno matatu ya kwanza aliyarusha juu ya paa, kama watoto wote, ili apate mapya. Hili la nne lilipong'oka jana, mama yake alimwambia, "Baadaye." Alikuwa bado anangoja. Mwanahawa alikitazama kile kiganja. Mwanawe hakuwa na swali lolote la kumuuliza. Alitaka jino lake.

Akazima mashine.

Uani, Riziki alikirusha kipande kilichosalia, kidogo kuliko punje ya mchele, na siri yake ndani. Kikagonga bati, akacheka kwa sauti. Zile mara tatu, mtoto akirusha, mama alikuwa akiomba kimoyomoyo apewe binti mwingine badala ya huyu, anayeongea kama wenzake. Safari hii aliomba jino jipya tu.