Risiva Niliyomfungia Hamad

Ndugu zangu, nina miaka arobaini na moja, mzaliwa wa Likoni, na mwaka huu ni wa tisa naishi Dubai. Ninayoandika hapa sijayasema kwa watu wengi.

Nilikuwa fundi katika duka la ndege ndogo, mtaa wa Satwa. Si zile za watoto. Hizi ni za injini ya petroli, mabawa marefu kuliko kitanda, na mwenye ndege huiongoza kwa rimoti akiwa amesimama chini. Ndani ya ndege kuna kijisanduku kinachopokea amri za rimoti. Hicho ndicho risiva. Kikinyamaza, ndege haina mwenyewe!

Hamad alianza kama mteja, akawa rafiki, akawa ndugu. Mzanzibari aliyezaliwa hapa hapa. Nilipofika sina mtu, futari yangu ya kwanza niliila kwao Al Barsha. Baba yake, Mzee Seif, aliniita mwanangu tangu siku hiyo.

Hamad aliijenga ndege yake mwaka mzima. Akaniletea nimfungie risiva.

"Bwana Athumani, baba anakwenda Unguja Jumapili. Nataka aione ikiruka Jumamosi asubuhi. Utawahi?"

Nikamwambia nitawahi.

Kumbe risiva ya kuifaa ndege ile, yenye antena mbili, ya kushika mawimbi kutoka mbali, ilikuwa imekwisha dukani. Zingine zingefika wiki iliyofuata. Iliyobaki ilikuwa ya vile vijindege vyepesi vya betri vinavyoruka karibu karibu. Nilijua haifai! Kwa nini sikusema? Nilipenda mno kuitwa fundi asiyeshindwa na kitu.

Nikaifunga, tena vibaya. Risiva huviringishwa sponji ili mtikisiko wa injini usiiharibu, na huwekwa mbali na waya wa plagi ya injini, ambao huvuruga mawimbi. Mimi niliibandika kwa gundi nyuma ya injini, basi. Hata kuijaribu injini ikiwa inanguruma, huku mtu akirudi nyuma na rimoti hatua kwa hatua, sikufanya.

Hamad aliponiuliza kama ndiyo inayofaa, nilimtazama machoni. "Ndiyo yenyewe hii. Nimeshaijaribu. Khalas!"

Jumamosi tukaenda uwanja wa kurushia ndege hizo, kule jangwani. Mzee Seif alikaa kwenye kiti cha kukunja, kahawa mkononi. Ndege ikapaa vizuri. Mzee akacheka kama mtoto! Mzunguko wa kwanza, wa pili... Wa tatu ikaenda mbali kidogo.

"Hainisikii!" Hamad akapiga kelele. "Athumani, hainisikii!"

Ikageuka yenyewe, injini ikinguruma, ikatujia. Sisi tulikimbia. Mzee alichelewa kuinuka...

Ilimvunja nyonga.

Watu walipomzunguka, mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nimepiga magoti kwenye mabaki, naing'oa risiva naitia mfukoni!

Wenzake pale uwanjani wakasema Hamad kageuza vibaya. Naye akakubali. Nikanyamaza. Nilijiambia, nikisema, kafeel, mdhamini wangu wa kazi, atanifutia viza, na wanangu Likoni watakula nini? Lakini ukweli ni kwamba niliona aibu.

Mzee hakusafiri. Hakusimama tena. Kila Ijumaa nilikwenda kumtazama, na kila Ijumaa nilimkuta Hamad akimkanda miguu, akisema, "Nisamehe, baba." Mzee humjibu, "Nimekusamehe, mwanangu. Siku nyingine uwe mwangalifu." Mimi nimekaa hapo hapo, nakunywa chai yao!

Miezi saba baadaye, kwa kulala kitandani muda wote huo, mapafu yakamshinda, akafariki. Jeneza lake nililibeba begani.

Baada ya matanga Hamad alikuja dukani na boksi la rimoti na vifaa vyake vyote. "Mpe anayetaka. Mikono hii imemuua baba yangu."

Hapo nikashindwa. Nikamwambia yote, nimesimama nyuma ya kaunta, machozi yananitoka.

Hakupiga kelele. Afadhali angenipiga!

"Ulikuwa unakuja kila Ijumaa," alisema.

"Ndiyo."

"Ukinisikia namwomba baba msamaha."

"Nilikusikia, Hamad."

Akalisogeza boksi lake kwangu. "Ungenambia siku ile ile, wallahi ningekusamehe. Lakini yeye kaondoka akijua ni mimi. Sasa nitamwambia vipi?"

Akaenda zake.

Nilimweleza na mwenye duka, akaniachisha kazi. Leo nafua mashuka ya hoteli Garhoud, na sijuti kwa hilo. Kwao Al Barsha nimekwenda mara tatu. Mama yake hunifungulia, hunijibu salamu, kisha hufunga mlango taratibu.

Ndugu msomaji, uwe fundi wa kitu chochote, kifaa kisichofaa sema hakifai, hata kama mteja atanuna. Na ukikosea, tafadhali, sema siku hiyo hiyo! Usijidanganye kuwa utapata wakati mzuri zaidi. Ukweli wangu ulipaswa kusikiwa na watu wawili. Mmoja wao nilimchelewea.