Karatasi Mbili za Mwisho

Nilikwenda kuchukua kitabu kimoja tu. Nilimwambia binamu yangu dakika kumi zinatosha, nitarudi kabla chakula hakijapoa. Mimi nimechelewa hata arusi yangu mwenyewe, lakini sahani sijawahi kuichelewesha.

Jua lilikuwa linazama. Kesho yake nyumba ya marehemu mama mkubwa, mama yake binamu, ilikuwa ikabidhiwe wapangaji. Vyombo vyote vilikwishahamishwa. Ilibaki cherehani, nzito kama mkosi, na kitabu ndani ya droo yake.

Mama mkubwa ndiye aliyeniambukiza kusoma. Alinilea baada ya mama yangu kufa, na kila jioni yeye alishona huku mimi nikimsomea kwa sauti. Kidoleni alivaa kile kikofia cha chuma cha mafundi. Nikiruka neno, aligonga meza.

Ti.

Maana yake, rudi. Hakuwahi kunifokea. Penye nukta aliinua mguu kwenye pedali, cherehani ikanyamaza, nami nikavuta pumzi. Utamu wa kusoma niliujulia hapo, na mpaka leo nikisoma kimoyomoyo naisikia ile cherehani.

Macho yake yalipozimika, mimi nilikuwa mtu mzima, mchekeshaji wa jukwaani, tumbo mbele. Bado nilikwenda kumsomea. Kitabu chetu cha mwisho kilihusu dada wawili waliogombana. Mdogo anarudi baada ya miaka ishirini, anabisha hodi. Mkubwa yuko ndani, anasikia.

"Kasuku," aliniambia mama mkubwa, kwa jina langu la utani, "nataka kujua tu kama alimfungulia."

Nilijua kwa nini. Mama yangu, mdogo wake, aliwahi kubisha mlango wa nyumba hii mwaka aliougua akafa. Haukufunguliwa.

Sasa nisikilizeni upumbavu wangu. Jioni moja nilikuwa na onyesho. Kichekesho changu kilichopendwa ni cha mume anayetafuna barua ya kimada ili mkewe asiione. Karatasi ya kutafuna niliisahau nyumbani. Kitabu kilikuwa mkobani.

Nikachana karatasi mbili za mwisho. Nikazitafuna mbele ya watu, nikazimeza. Hata sikuzisoma kwanza. Ukumbi ulicheka mpaka watu wakashika mbavu.

Kesho yake nikamsomea mwisho wa kubuni. Dada walikumbatiana, wakalia, wakala, wakanenepa. Nikatia na vichekesho. Moyoni nilikuwa nangoja ile ti.

Haikuja.

Alitabasamu, akasema nimesoma vizuri. Baada ya wiki moja tukamzika.

Basi jioni hiyo niliingia kwa mlango wa nyuma, ule wa mbele ukiwa umetiwa komeo kwa ndani. Nikavuta droo. Kitabu kilikuwepo. Kilichonishtua ni harufu... mafuta ya cherehani, mabichi, kama yametiwa sasa hivi. Cherehani hiyo ilikuwa na miaka haijaguswa.

Nikajifanya kucheka. Nikasema kwa sauti kwamba hata panya siku hizi wanashona.

Pedali ikashuka.

Ikapanda.

Ikashuka...

Miguu yangu, ambayo kwa kawaida hukimbia hata deni la salamu, ilikataa. Mikono ikafungua kitabu yenyewe, pale palipobaki. Nikasoma. Sauti ilinitoka nyembamba, ya mtoto. "Akasimama nyuma ya mlango. Akaunyoosha mkono kwenye komeo..."

Hapo ukurasa uliishia. Zaidi ya hapo palikuwa na meno ya karatasi iliyochanwa.

Pedali ikasimama. Inangoja.

"Akamfungulia," nikasema. "Wakakumbatiana..."

Ti.

"Akamfungulia, wakalia..."

Ti.

Nikasema kweli, kwa mara ya kwanza. "Mama mkubwa, karatasi za mwisho nilizila. Nilizila ili watu wacheke."

Kisha mnong'ono, karibu na sikio langu kabisa, wenye harufu ya mafuta.

"Nilijua. Sikugonga kwa sababu nilitaka iwe kweli."

Sijapata kupigwa kofi zito kama hilo.

Ndipo mlango wa mbele ukabishwa. Taratibu. Kama mtu asiye na nguvu.

"Hodi..."

Sauti ya mwanamke. Ina kikohozi. Kikohozi hicho nililala nacho chumba kimoja utotoni.

"Dada... hodi."

"Mimi sina mkono wa kufungulia, Kasuku," mnong'ono ukasema. "Mfungulie wewe."

Nilifika mlangoni. Naapa nilifika. Nikaunyoosha mkono. Komeo lilikuwa la baridi, na upande wa pili mtu alikuwa anapumua kwa shida.

Nikatoka mbio kwa mlango wa nyuma.

Binamu alinipa chakula, kikapoa mbele yangu. Wapangaji walisema mlango wa mbele waliukuta na komeo mahali pake. Chini ya komeo, juu ya kizingiti, kilikuwepo kikofia cha chuma cha kidole.

Bado nasoma. Ugonjwa ule hauponi. Lakini hakuna kitabu nilichomaliza tangu siku ile. Zikibaki karatasi mbili, cherehani iliyo kichwani mwangu hunyamaza, na mlango wangu, wa nyumbani kwangu, hubishwa taratibu.

Kila mara nanyanyuka. Kila mara nafika kwenye komeo.

Kisha narudi kukaa, nafunga kitabu.