Bango la Madurai

Giza la Harrow, kwa Waingereza, siku za baridi huingia alasiri, na Sushila alikuwa hajalizoea. Alirudi kutoka dukani na kopo la mafuta ya taa mkono mmoja, mkono wa pili amembeba Mina, bintiye wa miaka minne, aliyekwisha kusinzia. Akavua viatu mlangoni, akamlaza. Mumewe, Kanti, bado alikuwa kazini Hayes.

Chumba kilikuwa cha kupanga. Ukutani palikuwa na bango la watalii la mji wa Madurai, India: minara ya hekalu iliyojaa masanamu ya rangi, bwawa, ukumbi wa nguzo, wageni na kamera zao. Vijay, mwenye nyumba, aliwakataza kulibandua. Lilikuwa limeachwa na mpangaji wa kwanza, Mhindi wa Mombasa kama wao, aliyetoweka akaacha hata koti na viatu. Sushila India hakuijua. Majirani waliomwambia arudi kwao walimchoma moyo. Kwao kulikuwa Makadara, Mombasa.

Alipokuwa akimimina mafuta kwenye hita, chumba kilinuka asumini.

Asumini... kwenye baridi hii?

"Hodi."

Furaha ilimjaa. Tangu waje hakuna aliyewapigia hodi. Hapa watu hubonyeza kengele. Akaitikia kabla hajageuka, kama alivyoitikia maisha yake yote.

"Karibu!"

Mlango haukufunguka.

Nyuma yake, nyayo tupu zilikanyaga zulia. Mwanamume mkondefu alisimama chini ya bango, macho mekundu kwa kilio.

"Niwie radhi, dada," alinong'ona. "Nina watoto. Ukichoka, nawe piga hodi. Atakayekukaribisha ndiye atakayebaki."

Sakafu ikawa jiwe la moto.

Nguzo za bango mbele, nguzo nyuma. Wageni walishika kamera zao bila kupepesa macho. Sushila alikimbilia mnara wa kwanza, akajikuta bwawani. Akakimbilia wa pili. Bwawani tena... Kati ya nguzo mbili za mwisho aliona hita yake ikiwaka, na Mina ameamka, analia.

Alitaka kumwita. Jina halikutoka. Kinywa kilikubali neno moja tu, nalo lilikuwa linapanda kooni. Aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Chumbani alikuwamo mtoto peke yake, na kuitikia hodi alimfundisha yeye mwenyewe.

Kanti alirudi. Polisi walikuja. Vijay alisema hajui kitu, lakini bango hakulitazama. Sushila aliwaona wote, na kwa mapenzi aliyokuwa nayo kwa Kanti, hata yeye hakumpigia hodi.

Jioni moja Mina alipanda kiti. Akagonga karatasi ya bango kwa kidole.

"Hodi, mama."

Sushila aling'ata ulimi, neno lile moja lisimtoke, mpaka akaonja damu.

"Hodi..."

Alikuwa amemfundisha mwenyewe: ukipiga hodi ya tatu usiitikiwe, ondoka, wala usirudi kusumbua watu.

Mina aliinua kidole tena.